Huyu mama wa Dar enzi za Mjerumani amevaa nini? Wajuzi wa mavazi ya kale njooni

#1 Cherehani ya Mguu
Wakuu habari zenu. Mimi hobi yangu ni nguo za kale, nazishona mwenyewe kwa kuangalia picha na maelezo ya wasafiri wa zamani, siyo biashara ni ugonjwa tu. Sasa kinachonikera ni hiki: kila tukitaka kuonyesha "zamani" kwenye maigizo, sherehe za shule, hata send-off, tunamvalisha mwanamke buibui jeusi na kanga ya juzi yenye mpasho halafu tunasema hiyo ni 1850. Kanga hizi tunazozijua zimekuja mwishoni mwishoni mwa karne ya 19, huko 1850 pwani yote ilikuwa merikani (ile pamba nyeupe tupu) na kaniki, buibui nalo limeshika zaidi baada ya 1900 huko. Tunavalisha watu nguo za bibi zetu tunasema za mababu wa mababu.

Haya swali lenyewe. Nina kadi ya posta ya zamani, imeandikwa Daressalam kwa Kijerumani, kwa makadirio yangu ni kati ya 1900 na 1910. Wanawake watatu wamesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Wa pembeni wote wamevaa kitambaa cheupe kitupu. Wa katikati ndo ananinyima usingizi: kitambaa kimoja amejifunga kifuani chini ya makwapa, mabega wazi, ncha imechomekwa upande wa kushoto bila pini wala nini, kingine amekitupia begani. Vyote vyeusi tii na madoa meupe makubwa kama kifungo cha koti. Masikioni ana majasi (yale mapambo ya duara ya kujaza tundu la sikio lililopanuliwa), kila sikio limetobolewa zaidi ya tundu moja. Chini peku.

Nataka kumshonea mdogo wangu vazi hilo hilo avae ukumbini mbele ya wakwe. Je hiyo ni kaniki, ni kanga, au kitu gani? Na rangi yake hasa?

#2 Konda Mstaafu
Uzi wa picha bila picha. Hii ndo Tanzania.

#3 Cherehani ya Mguu
@Konda Mstaafu inagoma kupanda mkuu, nimejaribu tangu asubuhi. Ndo maana nimeeleza kwa kirefu.

#4 Mtoto wa Temeke
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi

#5 Mzee wa Gerezani
Hiyo ni kaniki, wala msijichoshe. Mimi nimezaliwa kabla ya uhuru, bibi zetu wa Kizaramo nimewaona kwa macho yangu wanashinda shamba na kaniki, ikichakaa inavaliwa hivyo hivyo mpaka inakuwa rangi ya kijivu. Kitambaa cheusi, picha ya Mjerumani, mwanamke wa Dar. Kaniki.

#6 Bint Kisutu
Shikamoo mzee wetu. Lakini kaniki haina madoa! Kaniki ni kitambaa kilichochovywa rangi ya nili, bluu iliyoiva mpaka inaonekana nyeusi, kitupu tu. Mleta uzi kasema madoa meupe. Hizo ni kanga za mwanzo kabisa, zinasimuliwa siku zote kuwa zilikuwa na pindo na madoa meupe juu ya kitambaa cheusi, ndo watu wakazifananisha na yule ndege kanga. Kwa mimi hapo hamna ubishi.

#7 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Ubishi upo binti, kitambaa hata kitupu unaweza kukifunga vifundo ndo ukachovya, vikifunguliwa pale panabaki peupe. Tulikuwa tunafanya hivyo shuleni.

#8 Konda Mstaafu
Kaniki ndiyo mwendo wake 😂

#9 Kemia ya Mtaani
Wakuu naona mnabishana rangi kwenye picha isiyo na rangi, ngoja niwaharibie kidogo. Sahani za kioo walizopigia picha miaka ile hazikuona rangi kama jicho lako linavyoona. Zilikuwa zinaiona sana bluu na haziioni kabisa nyekundu. Matokeo yake kitu cha bluu kinatoka cheupe cheupe, kitu chekundu kinatoka cheusi. Angalieni picha yoyote ya Mjerumani ya hapa Dar, mbingu ni nyeupe pee, hata wingu moja hulioni, mnadhani hapakuwa na mawingu? Ni bluu ya mbingu iliyoichoma ile sahani. Sahani za kuona rangi zote zimeanza kuuzwa 1906 na wapiga picha wengi waliendelea na zile zile za zamani kwa sababu za kale unaweza kuzisafisha kwenye taa nyekundu unaona unachofanya, hizo mpya lazima gizani totoro.

Kwa hiyo @Cherehani ya Mguu "nyeusi tii" yako inaweza kabisa kuwa NYEKUNDU. Tena nyekundu ya kuwaka.

#10 Cherehani ya Mguu
Aisee. Kwa hiyo kaniki ingetoka vipi?

#11 Kemia ya Mtaani
Nili iliyoiva sana ingebaki imefifia fifia, kijivu cha kukolea, siyo nyeusi tii. Ila inategemea na mwanga na alivyoisafisha sahani, siwezi kukuapia. Kitu kingine, kampuni ya BASF ya Ujerumani walianza kuuza nili ya kiwandani 1897, hivo kaniki ya 1905 inawezekana kabisa imechovywa na rangi ya Mjerumani na siyo nili ya shamba ya Mhindi.

Ukitaka kujaribu chukua simu, piga picha kanga yoyote, ingia kwenye programu ya kuhariri, zima nyekundu na kijani ubakize bluu peke yake halafu geuza iwe nyeusi na nyeupe. Inakaribiana na walivyoona wao.

#12 Mtoto wa Temeke
Daah humu kuna watu

#13 Gauni Refu
Mimi nashona magauni ya Kizungu ya kale, yale ya karne ya 19 na koseti zake na fremu ya pete za chuma chini ya sketi (zile fremu zimeanza 1856, kabla ya hapo mwanamke alikuwa anavaa sketi za ndani tano sita kupandisha upana). Nilikuwa najiona nina hobi ngumu kumbe nyie mna ngumu zaidi, maana Wazungu wameacha magazeti ya mitindo, michoro ya vipande, na nguo zenyewe ziko makumbusho. Huku kwetu nguo ilivaliwa mpaka ikawa tambara la kudekia.

#14 Konda Mstaafu
@Gauni Refu hiyo fremu ya chuma unapanda nayo mwendokasi saa kumi na moja jioni Kimara?

#15 Gauni Refu
Napanda bajaji mbili, moja yangu moja ya sketi. Uliza lingine.

#16 Mpenda Kumbukumbu
Naona mnatafuta kitambaa, mimi natafuta sababu. Kwa Unguja imeandikwa sana kwamba merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na masikini, utumwa ulipofutwa huko 1897 walioachiwa huru wakakimbilia kanga ili wasionekane tena kama zamani, na baadaye buibui nalo likaenda hivyo hivyo, aliyekuwa anafunikwa na ukaya (kitambaa cha kichwani) kama mtumishi naye akajifunika kama bibi mwenye nyumba. Kwa hiyo huyu wa katikati ana hadhi au anajitafutia hadhi, hawa wawili wa pembeni wenye nyeupe ni watumishi wake. Picha inasema yenyewe.

#17 Bint Kisutu
@Mpenda Kumbukumbu ya Unguja ni ya Unguja. Dar ilikuwa kwa Mjerumani, Mjerumani hakufuta utumwa. Alichofanya ni amri kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 wawe huru, basi. Utumwa bara umekuja kupigwa marufuku na Mwingereza 1922. Sasa ukichukua habari ya 1897 ya Unguja ukaibandika kwenye ukuta wa chokaa wa Dar unatudanganya. Na nyeupe siyo lazima utumwa, nyeupe safi inadai mtu wa kuifua na kuipiga pasi ya mkaa, muulize yeyote aliyewahi kuvaa kanzu.

#18 Mpenda Kumbukumbu
Sawa tarehe ni hizo ila watu walikuwa wanavuka bahari kila siku dada, mitindo haikusubiri amri ya serikali. Kitu kikivaliwa Darajani Unguja leo, jahazi likitia nanga Dar kesho kutwa kimefika.

#19 Mtaa wa Uhuru
Mimi nauza vitambaa hapa Uhuru, baba aliuza na babu aliuza, tunaongea kibiashara. Hadhi sijui, mnaachwa na jambo dogo: bei na upya. Viwanda vya Uholanzi na Manchester vilikuwa vinachapa leso, yaani kanga, kwa ajili ya pwani yetu tu, hazivaliwi kwao, na mzigo ukichelewa ukafika wanawake wameshachoka na mchoro ule, hauuziki hata kwa nusu bei. Wafanyabiashara wa kale walilalamika hivyo hivyo ninavyolalamika mimi leo! Mteja anaingia, anaangalia gora zima, anasema "hii ya mwaka jana" anatoka. Kwa hiyo watu waliacha kaniki kwa sababu kaniki ni ile ile kila mwaka. Mwanamke wa pwani hakuwahi kutaka kufanana na jirani.

Merikani pia inafaa muielewe, jina linatoka Marekani maana ndo walioileta, pamba ya Massachusetts, mkataba wa Marekani na Sultani ni wa 1833. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865 vikaua biashara, Bombay na Uingereza wakajaza pengo. Kwa hiyo hao wawili wa pembeni wanaitwa wamevaa merikani lakini kwa miaka hiyo kitambaa kinaweza kuwa cha Mhindi tupu.

#20 Mtoto wa Temeke
@Mtaa wa Uhuru mkuu hiyo merikani na kaniki leo zinapatikana?

#21 Mtaa wa Uhuru
Zipo. Amerikani wananunua mafundi na kina mama wa kutarizi vitambaa vya makochi. Kaniki wateja wangu ni waganga na watu wa ngoma, na wao hawapunguziwi maana hawaulizi bei.

#22 Ustadh Darizi
Hapo kwenye merikani @Cherehani ya Mguu angalia usinunue bafta ukadhani ndo merikani, zote nyeupe. Mdogo wako akitokea nayo ukumbini wazee watasema innalillahi.

#23 Konda Mstaafu
😂😂😂 bibi harusi kaingia na sanda

#24 Mama Zai
Habari za humu, huwa nasoma tu leo imebidi niandike. Nimefanya alivyosema Kemia. Nina kisutu la mama yangu mzazi, lile halisi jekundu jeusi na jeupe la kuolewa nalo, na nina kipande cha kaniki ambacho sitaki kuulizwa kimetoka wapi. Nimevitandika juani kwenye kamba, mtoto wa dada akapiga picha akafanya mambo yake ya kuzima rangi.

Kwa kweli nimeshangaa. Kisutu lote limekuwa jeusi! Nyekundu na nyeusi zimeungana huwezi kujua wapi inaanzia ipi, michoro yote midogo midogo ya katikati imepotea imebaki ile nyeupe tu inaelea, vidoa vidoa. Ukimuonyesha mtu asiyejua atakwambia kitambaa cheusi chenye madoa meupe. Na kaniki imetoka kijivu kama alivyosema, siyo nyeusi. Pindo la kisutu nalo limeonekana kama mkanda mweusi mpana. @Cherehani ya Mguu hebu angalia pindo la huyo mama likoje.

#25 Kemia ya Mtaani
Mama Zai heshima yako. Hii ndo sayansi.

#26 Cherehani ya Mguu
Asante sana mama. Nimeangalia kwa lenzi. Pindo lipo, jeusi, upana unakaribia kiganja, ila upande wa chini tu unaonekana, juu limekunjwa ndani kifuani. Madoa yake hayaelei elei, yamepangwa safu kwa safu, makubwa, duara kabisa. Kisutu ninalolijua mimi michoro yake ni midogo na imesongamana.

#27 Mama Zai
Basi siyo kisutu, ila nyekundu inaweza kuwa nyekundu bado.

#28 Mzee wa Gerezani
Mnamzunguka mzee. Simu ya mtoto siyo kamera ya Mjerumani. Na mimi nilipata kuziona hizo kaniki zikiwa mpya zinang'aa na wanga wa dukani, kitu kinachong'aa juani kinapigaje picha?

#29 Kemia ya Mtaani
Kinang'aa kinakuwa cheupe zaidi mzee, unazidi kujichimbia.

#30 Mzee wa Gerezani
Haya. Tutaonana akhera tumuulize mwenyewe.

#31 Gauni Refu
Swali langu kwa mleta uzi, una uhakika gani nguo ni yake? Wapiga picha wa studio zamani walikuwa na sanduku la nguo na vitu vya kupambia, Ulaya ilikuwa hivyo na sioni kwa nini hapa isiwe. Kadi ya posta ni biashara, anataka picha itakayomfurahisha Mzungu wa Hamburg anayeipokea. Mabega wazi, majasi, peku… huenda walipangwa hivyo. Huenda huyo mama nyumbani kwake alijitanda vizuri kabisa.

#32 Bint Kisutu
Hii point nzito. Ila mpiga picha anaweza kukupa nguo, hawezi kukupa majasi. Sikio limetobolewa na kupanuliwa tangu udogoni. Na ule mchomeko wa kushoto anaousema, ncha ndani bila pini, mtu asiyezoea kanga hata sekunde kumi haikai. Huyo kazoea.

#33 Cherehani ya Mguu
@Gauni Refu hii siyo ya studio, chini kuna mchanga na kivuli cha mti kimeingia upande. Kuna kopi nyingine ya kadi hii hii nimeiona mtandaoni imetiwa rangi, mama wa katikati kavaa kijani na madoa ya njano.

#34 Kemia ya Mtaani
Hiyo ya rangi itupe. Zilipakwa Ujerumani na watu ambao hawajawahi kufika hata Tanga.

#35 Mtoto wa Temeke
Kwani kwa nini asichukue picha ya Seyyida Salme akashona kama ile? Iko wazi, suruali ya marinda, kanzu ya kike, na kilemba, vidani, kila kitu. Ndo mavazi halisi ya Kiswahili hayo

#36 Bint Kisutu
Mdogo wangu, Salme ni binti wa Sultani kazaliwa 1844, kaondoka Unguja 1866, na ile picha kapigwa Hamburg akiwa ameshaolewa na Mjerumani. Ni sawa na mtu akitaka kujua watu wa Dar wanavaa nini aende akapige picha Ikulu. Kitabu chake cha 1886 kizuri sana kwa mambo ya ndani ya jumba, jinsi nguo zilivyokuwa zinafukizwa, lakini mke wa mvuvi wa Dar hakuwa na hariri ya kufukiza.

#37 Ustadh Darizi
Na wanaume mmetusahau. Kanzu ya zamani iangalieni shingoni na kifuani, ile darizi ya mkono ndo inasema nani ana pesa. Kofia nayo, ile ya mkono yenye vitundu, kila kitundu kinazungushiwa uzi, mtu anakaa nayo miezi, huwezi kulinganisha na hizi za mashine zinazomwagwa Kariakoo zinachujuka mvua ya kwanza. Nimeona watu wanaigiza Waarabu wa Bagamoyo wamevaa kofia za mashine na saa ya kuchaji mkononi.

#38 Konda Mstaafu
Mi hizi za Mjerumani zimenishinda, mleta uzi angetuletea suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vya soli nene tungechangia wote. Miaka ya 72 baba yangu alifukuzwa na vijana wa TANU kwa sababu ya suruali.

#39 Mpenda Kumbukumbu
Ile Operesheni Vijana ni 1968 siyo 72. Azimio la Umoja wa Vijana wa TANU lilitoka Oktoba 1968, marufuku ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Minisketi, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana. Kubana mkuu, bugaluu ni pana!

#40 Konda Mstaafu
Basi mzee alikuwa anajitetea tu kwetu. Sijui alifukuzwa na nani.

#41 Mama Zai
Ile operesheni mama yangu mkubwa alikutana nayo, tena kabla hata marufuku haijaanza. Alishushwa kwenye basi Kariakoo na kundi la vijana, sketi ikachanwa pembeni mpaka juu. Muuza vitumbua akamvulia kanga yake ya juu akamfunga. Mama mkubwa hakuirudisha ile kanga, alikaa nayo mpaka anafariki, na mtaani hakuwahi kuvaa tena sketi fupi wala ndefu, ni magauni tu. Na aliyekuwa anawasifu wale vijana kwa sauti kubwa ni mume wake.

#42 Bint Kisutu
Daah. Na kuna watu walikuwa wanaandika barua magazetini kuuliza kama minisketi ni utamaduni wa kigeni suti je? Suruali je? Maana wakati huo huo Wamasai walikuwa wanalazimishwa waache rubega wavae suruali waonekane wamestaarabika. Dada wa mjini avue cha Mzungu, Mmasai avae cha Mzungu.

#43 Mzee wa Gerezani
Na sisi wafanyakazi tukavaa suti za chuenilai. Huyo Chou En-lai, waziri mkuu wa China, alikuja hapa Juni 1965 na mimi nilikuwepo barabarani na kibendera. Baadaye zikaja Kaunda suti. Ukiwa na Kaunda suti ya kitambaa kizuri, kalamu mfukoni, unakopeshwa popote.

#44 Mtaa wa Uhuru
Mzee umenikumbusha Urafiki walipoanza 1968, Mchina katusaidia kiwanda Ubungo, kanga na vitenge vya kwetu. Halafu miaka ya themanini kanga zikawa za foleni, doti moja mnagawana ndugu wawili kila mtu upande. Biashara ilipofunguliwa 1984 mitumba ikaingia, tukaiita kafa Ulaya, na hapo ndo hobi ya watu kama mleta uzi ilipopata mali maana kwenye robota la mitumba utakuta koti la miaka ya sitini limelala chini kabisa limekunjwa na hakuna anayejua.

#45 Gauni Refu
NATHIBITISHA. Soko la Karume asubuhi wanapofungua, unatafuta zipu ya chuma na lebo iliyofumwa. Zipu ya plastiki achana nayo.

#46 Mtoto wa Temeke
@Gauni Refu sasa umewaambia watu wote, kesho wauzaji wanapandisha bei

#47 Cherehani ya Mguu
Turudi kwa mama yetu jamani. Nimeshaanza kutafuta kitambaa na kila nikimuuliza mtu napata rangi nyingine. Kanga yenyewe ina jingine la kunisumbua, maandishi. Niweke jina au niache? Kwenye picha hakuna ninachokiona lakini sehemu ya jina ingekuwa imefichwa na mkunjo.

#48 Bint Kisutu
Acha. Kwa miaka hiyo usiweke. Na ukiweka, basi herufi za Kiarabu, za mwanzo ziliandikwa hivyo, hizi za Kilatini zimekuja baadaye.

#49 Mtaa wa Uhuru
Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa "Mali ya Abdulla", duka lake la 1887, wengi wanampa yeye sifa ya kuanza majina. Kwetu dukani babu alikuwa anasema wanawake wenyewe ndo waliodai, mfanyabiashara kaandika tu alichoambiwa. Mimi na babu yangu.

#50 Mpenda Kumbukumbu
Watu wa Lamu watakwambia mashairi ndo yalihamia kwenye kitambaa, hawajasubiri duka la mtu.

#51 Ustadh Darizi
Na shehe wangu alisema ni hirizi zilizoandikwa nguoni zikapoteza dua zikabaki na matusi 😂

#52 Kemia ya Mtaani
Kwa upande wa rangi mleta uzi mimi ningeshona nyekundu iliyokolea na madoa meupe. Nyekundu ya kiwandani ilikuwepo, ile rangi ya mizizi walishaweza kuitengeneza maabara tangu 1869, ni rahisi na haichuji, viwanda vya Ulaya vilikuwa vinaimwaga duniani kote.

#53 Bint Kisutu
Mimi nasema nyeusi, nyeusi yenyewe. Madoa meupe safu safu kwenye nyeusi, hadithi ya kanga wa porini haikutoka hewani.

#54 Mzee wa Gerezani
Kaniki.

#55 Cherehani ya Mguu
Nikifuata wote nitamvalisha mdogo wangu bendera. Nimeamua nianze na nyekundu kwa sababu kitambaa nimekiona, madoa nitachapa mwenyewe kwa muhuri wa kiazi kabla sijapata mtu wa kunichongea wa mti. Upana ndo sina uhakika, kanga ya leo inakaribia mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, hii ya kwenye picha ikishuka kutoka kifuani inafika kwenye fundo la mguu na huyo mama siyo mfupi.

#56 Mtaa wa Uhuru
Zamani vitambaa vilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Misafara ya kwenda bara ilihesabu shuka mikono minne, doti mikono minane. Pima hapo. Ila mikono minane ya muuzaji siyo mikono minane ya mnunuzi, ndo maana mjomba wangu mfupi aliwekwa dukani.

#57 Mama Zai
Akimvalisha asisahau nywele, asuke twende kilioni, siyo rasta za kuunganisha. Na kucha zisiwe na gel.

#58 Gauni Refu
Mdogo wake atakubali mabega wazi mbele ya wakwe?

#59 Cherehani ya Mguu
Mama mkwe ndo kaomba. Tatizo ni majasi, nayapata wapi ya kubana bila kutoboa tundu kubwa?

#60 Ustadh Darizi
Wengine zamani walikuwa wanaweka karatasi za rangi zilizosokotwa kama skrubu, siyo lazima fedha wala dhahabu. Chukua karatasi ya kung'aa, sokota, gundisha kwenye klipsi nyuma ya sikio.

#61 Konda Mstaafu
Karatasi ya biskuti inafaa?

#62 Ustadh Darizi
Kwa wewe inafaa.